Muulize Fundi: Honda ya babu, Vespa inayofuka moshi na mteremko wa Lushoto

Mwezi huu meza imejaa barua za vikongwe, pikipiki vikongwe namaanisha, na karibu zote zina hadithi moja: pikipiki imekaa miaka, imegoma kuwaka, fundi wa mtaani kaiangalia dakika mbili kasema "hii tufungue injini tu", mwenye mali kasikia bei kashtuka akakumbuka kutuandikia. Jamani. Kabla mtu hajagusa injini naomba anijibu, moto upo? Mafuta yanafika? Hewa inapita? Nitauliza hivohivo mpaka mnichoke.

Shikamoo fundi. Marehemu babu yangu alikuwa mwalimu huku Marangu, ameacha Honda C70 ya bluu kwenye banda la ng'ombe, haijaendeshwa toka 2008 hivi. Kiki inashuka vizuri tu ila haiwaki, tanki ndani limekula kutu. Fundi anataka laki nne afungue injini. Kadi bado ina jina la babu. Mimi nataka niiendeshe kabisa, sio pambo. Nianzie wapi? — Mjukuu wa Mwalimu, Moshi

Marahaba mjukuu. Hiyo laki nne irudishe mfukoni kwanza. Umesema kiki inashuka, basi injini haijanata, hiyo ni nusu ya furaha. Injini iliyonata kiki inagoma kama umepiga teke mwamba.

Ujue na unachokishika hapo. Ukoo wa hiyo pikipiki, Super Cub, ulianza Japani mwaka 1958 na ilipofika 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100, hakuna chombo cha moto duniani kilichowahi kutolewa kwa wingi hivyo. Iliundwa itumike na watu wasio mafundi, ndo maana walimu na mabwana shamba waliibeba miaka na miaka kwenye tope bila kesi. Kwa hiyo usiiogope.

Fungua kwanza ile bolti ya chini umwage oili yote. Banda la ng'ombe lina unyevu, usishangae ikitoka kama chai ya maziwa, ni maji hayo yameingia. Weka oili mpya ya pikipiki, haifiki lita nzima, na usiweke oili ya gari ile inayojisifu kwamba imepunguza msuguano kwasababu klachi ya hii mashine inaogelea kwenye oili hiyohiyo, ukiitelezesha itakuwa unavuta mafuta inalia tu haiendi. Alafu toa plagi, dondoshea vijiko viwili vya oili kwenye tundu lake, iache ilale. Asubuhi plagi ikiwa bado nje piga kiki polepole mara ishirini, oili izunguke, ringi zilainike.

Sasa mafuta. Tanki la C70 lipo chini ya siti, linatoka bila shida. Mimi natumia siki ya dukani, najaza, naacha siku mbili, namwaga nusu, natia kokoto safi au cheni fupi ya zamani nalitikisa mpaka mikono iume. Ukimaliza suuza na maji uliyotia magadi, hayahaya ya jikoni kwa mama, yanaua ukali wa siki. Kausha juani, na SIKU HIYOHIYO lisuuze na petroli yenye oili kidogo ndani, ukiliacha wazi mpaka kesho linapata kutu nyepesi ya rangi ya machungwa unaanza upya. Kabureta nayo fungua bakuli lake la chini, utakuta petroli ya 2008 imegeuka gundi inanuka kama vanishi. Vile vitundu vya jeti, vile vidogo vinavyopitisha mafuta, usichokoe na waya, unavipanua, na ukishavipanua mafuta yatazidi maisha yake yote. Tumia uzi wa mshipi wa kuvulia samaki na upepo wa kompresa.

Moto. Toa plagi, irudishe kwenye kofia yake, iegemeze kwenye chuma cha injini mbali na tundu, piga kiki. Unataka cheche ya bluu inayolia tap tap. Ikiwa ya njano imelegea, au hamna kabisa, hapo ndo ujue Honda yako ni ya kizazi gani. Angalia betri: yenye vifuniko vitatu ni voti 6, vifuniko sita ni voti 12. Ya voti 6 inatumia pointi, vile vimdomo viwili vya chuma nyuma ya sumaku upande wa kushoto, na nina uhakika wa asilimia tisini ugonjwa wako upo pale. Vikikaa miaka bila kazi vinaota utandu usioonekana hata kwa macho mazuri, umeme haupiti. Huna haja ya kung'oa sumaku, chungulia kwenye tundu zake, pitisha msasa laini mara mbili tatu, alafu pitisha karatasi safi iliyoloweshwa petroli kutoa vumbi la msasa. Nafasi kati yao ikiwa wazi kabisa ni milimita 0.3 hadi 0.4. Kama huna fila, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, kadi ya biashara ngumu ngumu inakaribia hapo, sio kipimo cha kujivunia lakini itakuwasha. Ukishasafisha na bado cheche imelegea na vimdomo vinarusha moto vyenyewe kila vikifunguka, badili kondensa, kile kikopo kidogo kilichounganishwa na pointi.

Kitu kingine, naomba usicheke: chungulia eksosi. Huku kwetu nyigu wanajenga humo nyumba ya udongo, nimeshaletewa pikipiki imebadilishwa plagi, koili, kabureta, kumbe imezibwa pua tu. Waya mrefu, ikatoka tope, ikawaka kiki ya pili.

Ikiwaka itafuka moshi mweupe sana, ni ile oili uliyomwagia, usipige kelele wala usiipige resi. Iache ingurume dakika kumi. Baada ya hapo ikiwa imepoa kabisa cheki tapeti, yaani ile nafasi juu ya valvu, ni milimita 0.05 kwa valvu zote mbili, ndogo hiyo, ni unene wa unywele tu, na pikipiki nyingi za hivi zinapoteza nguvu sio kwasababu zimechoka bali tapeti hazijaguswa toka enzi hizo.

Tairi badili hata kama yana meno. Mpira unakauka. Ubavuni kuna namba nne mwishoni mwa maandishi marefu, mfano 2306 ni wiki ya 23 ya mwaka 2006. Ukikuta namba tatu tu ujue tairi ni la kabla ya mwaka 2000, hilo litundike kwenye mwembe liwe bembea. Na waya za breki na mafuta usizitie tu oili ukaridhika, zikiwa na unyuzi mmoja umekatika nunua mpya.

Kuhusu kadi, hapo mimi fundi spana naishia, ila njia ni mirathi kwanza: familia ikae, msimamizi ateuliwe mahakamani, hiyo barua ya usimamizi ndo inaenda TRA kubadili jina. Wengi wanaogopa madeni ya ile ada ya kila mwaka ya leseni ya chombo, ile ilifutwa 2017. Fanya mapema kabla wajomba hawajasikia kwamba inawaka.

Fundi toleo lililopita umeandika nafasi ya pointi ni "milimita 4". Nimekaa na fila yangu nusu siku natafuta milimita nne, pointi zenyewe hazifunguki hata moja. Je nimenunua feki? — Msomaji wa siku nyingi, Dodoma

Hapana kaka, feki ni mimi. Ilitakiwa isomeke 0.4, sifuri ilipotea kati ya mkono wangu na kurasa, na lawama nabeba mwenyewe kwasababu nilisoma kabla haijachapwa sikuona. Nisamehe hiyo nusu siku. Kuna mwingine alinipigia akasema amekunja kile kibati cha pointi mpaka kikakatika, huyo tumeshaelewana pembeni.

Assalaam alaykum. Nina Vespa PX ya mwanzo mwanzo wa themanini, naitumia mjini hapa Unguja. Inafuka moshi hadi watu wa barazani wananitania kwamba nafukiza mbu. Fundi wangu kila siku ananambia niongeze oili kwenye petroli isije ikanoki, sasa hivi natia kikombe kizima kwenye lita tano na moshi ndo unazidi. Nifanyeje? — Mwenye Vespa, Mji Mkongwe

Waalaykumu salaam ndugu yangu. Kikombe kizima! Hiyo sio petroli tena hiyo ni mchuzi.

PX inataka asilimia 2, yaani mililita 20 kwa kila lita, kwa lita tano ni mililita 100. Kikombe cha chai kinabeba karibu mara mbili na nusu ya hapo. Huyo fundi wako simlaumu sana, hesabu yake anaitoa kwenye Vespa za kale kweli, zile za miaka ya hamsini, zilikuwa zinataka asilimia 5, na oili za wakati ule zilikuwa nyepesi kiubora. Wazee wakarithisha hesabu kwa wanafunzi wao bila kurithisha sababu. Na kuna kitu watu hawakijui, oili ikizidi ndani ya petroli maana yake petroli yenyewe imepungua, injini inakula hewa nyingi kuliko mafuta, inapata joto. Kwa hiyo unaweza kuinokisha injini kwa kuogopa isinoki.

Ila kabla hujapunguza oili ukashangilia, fanya uchunguzi mmoja. Fungua bolti ya kipimo cha oili ya gia boksi, Vespa ikiwa imesimama wima. Ndani kunatakiwa kuwe na mililita 250 za SAE 30 na kiwango kifike kwenye tundu. Andika tarehe. Endesha wiki mbili urudi uangalie. Ikiwa imepungua na chini hakuna inapovuja, basi ile oili sili ya krenki, raba ya kuzuia oili, upande wa klachi imekufa, injini inanyonya oili ya gia na kuichoma, na hapo hata uchanganye petroli kwa kipimo cha duka la dawa bado utafukiza mbu. Dalili nyingine moshi unakuwa mzito wenye harufu tofauti, na plagi inaloa. Sili yenyewe bei ndogo, kazi ndo kubwa kwasababu lazima injini itenganishwe. Hiyo ndo siku pekee nakuruhusu kufungua injini, lakini umeona, tumefika hapo kwa kupima.

Kama kiwango cha gia hakijashuka basi ni mchanganyiko tu, rudi kwenye mililita 20, na toa eksosi uichome. Baada ya miaka ya kikombe itakuwa imejaa masizi mpaka inapumua kwa shida, utaona baada ya kuisafisha imepata nguvu kama umeibadilisha injini. Na angalia ubavuni chini ya siti, PX nyingine zina tanki lake la oili na kidirisha kidogo cha kuchungulia, yaani zinajichanganyia zenyewe. Kama yako ni ya hivo na bado unatia kwenye petroli basi unailisha mara mbili.

Kwa sababu upo baharini, kila baada ya miezi kadhaa inua zile raba za kukanyagia uoshe na maji yasiyo na chumvi chini yake. Hii ni gari ya bati, haina fremu ya mabomba, bati lenyewe ndo mifupa. Aliyeichora, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege, na kiwanda chao pale Pontedera kilikuwa cha ndege kabla vita havijakibomoa, ikatoka 1946 na ule mguu wa mbele wa upande mmoja unafanana na mguu wa tairi la ndege. Uzuri mtupu. Lakini chumvi haijali uzuri.

Na ukibadili tairi, ringi ya Vespa ni vipande viwili vimebanwa na nati. TOA UPEPO WOTE kwanza kabla hujalegeza nati za kubana vipande. Nimeona mtu kapoteza meno.

Fundi, eti ni kweli petroli ya siku hizi inaua pikipiki za zamani kwasababu haina risasi? — Mwanza

Ile risasi, ya madini sio ya bunduki, iliondolewa kwenye petroli ya nchi zetu hizi kufikia mwanzoni mwa 2006. Ilikuwa inaweka kautandu kwenye viti vya valvu visiliwe. Baadhi ya pikipiki za Kiingereza za chuma laini zinaweza kuumia zikikimbizwa sana. Mjapani wa miaka ya sabini ukimwendesha kistaarabu hana shida, na kama yako ni tustroki, zile zinazochoma oili pamoja na petroli kama Vespa, basi haina valvu za kuliwa, kalale. Mimi naogopa zaidi mafuta yaliyochakachuliwa na mafuta ya taa kuliko hiyo risasi. Nunua kituo chenye foleni.

Habari za kazi. Nina Yamaha DT 125 ya tustroki, nakaa Lushoto na wikiendi nashuka nayo hadi Mombo. Juzi katikati ya mteremko breki ya nyuma ikawa kama nakanyaga sponji, mbele nayo ikaanza kuisha, nilijikuta nimeegemea ukuta wa mlima nimechubuka kiwiko. Fundi ameangalia kasema breki ni nzima. Tena ile siku injini ikazima yenyewe kama imebanwa halafu baadae ikawaka. — Kijana wa Usambara

Pole sana mdogo wangu. Hapo una matatizo mawili yanashikana mikono, na lile la pili ulilolitupia mwishoni kama kachumbari ndo linanitisha zaidi.

Breki kwanza. Fundi wako kasema kweli, zilikuwa nzima asubuhi na zilikuwa nzima jioni. Katikati zilikuwa zimechemka. Hizi ni breki za ngoma, joto linabaki ndani halina pa kutokea, brekishu zikipata moto sana zinateleza hata ukanyage kwa miguu yote miwili. Barabara ile ni zaidi ya kilomita 30 za kona, unatoka mita kama 1,400 unaishia kwenye joto la bondeni. Wewe umezoea kuona madereva wa bodaboda wanashuka mbio, wale wengi wana pikipiki mpya za fostroki, gia inawashikia. Tustroki haishiki. Ukiachia mafuta inateremka kama imetiwa grisi.

Kwa hiyo shuka gia kabla ya kona, sio ndani yake. Shika breki kwa vipindi, mbele na nyuma kwa pamoja, bana sawasawa mwendo upungue kisha achia zipumue, kuliko kuburuza mguu kidogo kidogo njia nzima, huko kuburuza ndo kunakochemsha. Usione aibu kusimama njiani, kuna mabanda ya matunda, kula plamu. Ila ukisimama usimwagie ngoma maji ya baridi, chuma cha moto kinapinda au kinapasuka.

Sasa kuzima. Nadhani injini yako ilianza kunata. DT inajipigia oili yenyewe, pampu yake imefungwa na waya wa mafuta, ukifungua mafuta inatoa oili nyingi, ukifunga inatoa tone. Fikiria unateremka dakika ishirini mafuta yamefungwa kabisa, gia ya pili, injini inazunguka kwa kasi inayolazimishwa na tairi, na oili inapata kijitone. Pistoni inakauka, inavimba, inabana silinda. Ilivyopoa ikaachia, ndo maana iliwaka tena. Umepewa onyo la bure. Ukiwa kwenye mteremko mrefu kila baada ya sekunde chache bana klachi, fungua mafuta kidogo VRUM, inywe oili, achia endelea. Wazee wa zamani walikuwa wanashuka milima wanapiga vrum vrum tukidhani ni mbwembwe. Na vidole viwili viwe juu ya klachi muda wote, siku ukisikia injini inapungua yenyewe na mlio unabadilika bana klachi papo hapo, ukichelewa tairi la nyuma litagoma kuzunguka na hiyo sio kiwiko tena.

Nyumbani fungua ngoma zote mbili. Brekishu zikiwa zinang'aa kama kioo zipige msasa zitoke ule ung'avu, ukikuta unyevu wa oili au grisi usizisafishe, badili, na tafuta ilipotoka. Lile vumbi la ndani usilipulize kwa mdomo wala kompresa, brekishu za zamani nyingi zilitengenezwa na asbestosi, inaharibu mapafu, futa na kitambaa kibichi. Hili mafundi wenzangu wengi hawalipendi kwasababu kupuliza ni haraka.

Fundi sasa. Niko Nakuru, niko na Honda CG 125 ya mzee, ya kitambo sana, na spea zake hazipatikani. Vijana wa bodaboda wananiambia spea za pikipiki zao za Kichina zitaingia bila shida. Wananidanganya? Wengine wanasema nitoe hiyo injini nitie ya Kichina mpya nimalize maneno. — CG Mzee

Hawakudanganyi, wanasema nusu. CG 125 ilitoka 1976 na Honda waliibuni makusudi kwa watu kama sisi, wanaobeba gunia tatu na mbuzi halafu oili wanabadili wakikumbuka. Wakaacha cheni ya taimingi, wakaweka vijiti vya kusukuma valvu, kitu cha kizamani hata kwa wakati ule lakini hakifi. Baadae Wachina wakainakili, na ile injini wanayoita CG kwenye boda nyingi hapo stendi ni mjukuu wa hiyo ya mzee wako. Kwa hiyo sahani za klachi, plagi, waya, gasketi kadhaa, vingi vinaingiliana.

Shida ni neno "vingi". Umeme wa CG za mwanzo ni voti 6 na pointi, za Kichina ni voti 12 na CDI, kile kiboksi cha umeme kinachofanya kazi ya pointi, ukinunua koili au fyuzi kwa kukisia unachoma. Silinda na pistoni usiamini kwa macho. Utaratibu wangu ni kwamba sinunui spea kwa jina la pikipiki, nafungua ile mbovu, naisafisha, naifunga kwenye gazeti, naenda nayo dukani naweka juu ya kaunta kando ya mpya. Ukiwa Nairobi pita Kirinyaga Road na hilo gazeti lako, ukiwa Dar ni Gerezani na Kariakoo, muuzaji akikasirika kwamba unapima sana hamia duka la pili.

Kubadili injini nzima, ni pikipiki yako. Ila namba ya injini kwenye logbook haitalingana tena, uwe tayari kwa hiyo safari ya karatasi, na ile sauti ya mzee ikirudi nyumbani jioni hutaisikia tena. Injini ya CG yenyewe ukiipa pistoni na ringi mpya inarudi ujanani kwa hela ndogo kuliko hiyo ya Kichina. Angalia kwanza kama inavuta, pima mgandamizo, usiizike ikiwa inapumua.

Fundi mimi ni mama wa watoto watatu, Tanga. Baba yangu amenipa Honda yake ya zamani, haina klachi ya mkono, ni ile ya kukanyaga mbele na nyuma. Nataka nijifunze niwe naenda nayo dukani kwangu, kilomita nne tu. Mume anasema ni mbovu kwa mwanamke, tena ni ya kizamani nitaanguka. Navaa dera na mtandio muda mwingi. Na taa ya mbele inamulika kama kibatari. — Mama Duka

Dada yangu, mwambie shemeji hiyo ndo pikipiki rahisi kuliko zote alizowahi kuziona barabarani. Klachi inajifanyia yenyewe, mkono wa kushoto hauna kazi, na fremu iko chini pale katikati unapita mguu bila kurusha kama unapanda farasi. Imeandaliwa kwa mtu aliyevaa nguo za kawaida.

Jifunze uwanja wa shule jumapili. Kukanyaga mbele ni kupandisha gia, kisigino nyuma ni kushusha. Siri yake moja: ukikanyaga pedeli na ukaendelea kuikanyaga klachi imeachia, ukiinua mguu inashika. Kwa hiyo funga mafuta, kanyaga, inua mguu POLEPOLE, alafu fungua mafuta. Wanaoanguka ni wale wanaofungua mafuta huku wamekanyaga, wakiinua mguu pikipiki inaruka kama mbuzi. Tena usishtuke ukishika breki ya mbele pua ikainuka kidogo badala ya kuzama, ndo muundo wa ile miguu yake ya mbele, sio ubovu. Mwendo wako uwe arobaini na kitu. Breki zake ni za ngoma ndogo, hesabu umbali wa kusimama mara mbili ya hawa wa boda, na daladala ikikusogelea nyuma mpishe, usishindane, ana haraka zake.

Dera. Cheni imefunikwa yote kwa bati, hakikisha hilo bati lipo, mafundi wengine wanalitoa kwa uvivu. Lakini tairi la nyuma liko wazi, na nguo pana ikipata upepo inaingia kwenye spoki kabla hujajua. Vaa suruali au taiti ndani, dera likunje ulikalie, mtandio ncha zote ziingie ndani ya koti. Hii sio kukuonea, kuna ajali nimeziona kwa macho yangu ambazo sababu ilikuwa kipande cha kanga.

Taa ya kibatari ni kawaida ya voti 6, ndivyo zilivyozaliwa, lakini nusu ya ukibatari ni uchafu. Fungua taa, safisha lile bakuli linalong'aa, kwangua kutu pale waya wa athi unaposhika bodi, weka balbu ya voti 6 kweli maana wengi wanauziwa ya 12 inawaka nyekundu kama kaa. Usiendeshe bila betri, balbu zitaungua. Na funga duka mapema kidogo uwe nyumbani kabla ya giza, mpaka uizoee.

Helmeti ya baba uliyosema kwenye barua ya pili amekupa pamoja na pikipiki, lile povu la ndani likikaa miaka hiyo linakuwa gumu na linamung'unyuka, bonyeza kwa kidole utaona. Nunua mpya, uende nayo dukani kichwa kikiwa na mtandio wako kama utakavyovaa siku zote, ndo uijaribu saizi.